Mashine ya kupimia ubongo isigeuzwe ya kutafutia wateja

Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu hili jambo la kampuni kupima ubongo wa watu ili zijue vipi zitawauzia, manake hapa Wete kwenye magrupu ya WhatsApp linazungumzwa sana na linazungumzwa ovyo, wengine wanasema kampuni zishaanza kusoma mawazo yetu kupitia simu, wengine wanasema huo uzushi mtupu hakuna kitu kama hicho, na mie naona wote hawajafika. Kitu kipo. Kina zaidi ya miaka 20, kinaitwa nyuromaketingi, na kijana wangu anaesoma biashara chuoni anafundishwa darasani kama somo jengine lolote.

Wanavofanya ni hivi. Kuna kofia yenye vidude vidogo vya chuma vinavogusa ngozi ya kichwa, unapakwa jeli, unakaa kitako unaangalia tangazo na vile vidude vinashika umeme mdogo wa ubongo wako, hicho ndo kipimo cha EEG, kile kile wanachopimwa wenye kifafa. Na kuna MRI, ile mashine kubwa ya hospitali ya kupiga picha ndani ya mwili, hapo unalazwa chali unaingizwa kwenye lile tundu, linagonga kelele mpaka unazibwa masikio, kichwa hutakiwi kukitikisa hata kidogo, juu ya macho pana kioo unaoneshwa picha za bidhaa na mashine inafuata damu yenye oksijeni inakimbilia upande gani wa ubongo. Mawazo haiyaoni. Inaona damu tu, na hiyo damu yenyewe inachelewa sekunde kadhaa nyuma ya kazi ya ubongo. Ndo mana mwaka 2009 watafiti wa Marekani walimtia kwenye mashine samaki aina ya salmoni, maiti kabisa, wakamuonesha picha za watu, na walipopiga hesabu kizembe kwa makusudi ikatokea alama kama kwamba samaki anafikiri. Walitaka kuwaonesha wenzao kwamba hesabu ikifanywa vibaya mashine itakupa chochote unachotaka. Kwa hiyo wafanyabiashara wenzangu, akija mtu na picha ya ubongo wenye rangi rangi akakwambia hapa ndo pana kitufe cha kununua, usimpe pesa yako.

Lakini kusema haisomi mawazo si kusema haina madhara, na hapa ndo nnapotaka watu wanisikilize.

Mie nna duka na friji ya soda karibu na skuli. Watoto wakitoka mchana anakuja kijana wa miaka minane au tisa na sarafu zimeshika jasho mkononi, anasimama mbele ya friji na mkono unakwenda kwenye chupa ile ile ya jana na ya juzi, nkimwambia hiyo haijashika baridi chukua nyengine hii rangi moja na ladha ni hiyo hiyo, anankodolea macho, bora anywe ya moto. Huyu hajachagua kwa ulimi. Na hili lishapimwa, mwaka 2004 mtafiti wa ubongo Read Montague na wenzake kule Houston, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 67 waliopewa Coca-Cola na Pepsi, walipokuwa hawajui wanakunywa ipi walikaribia kugawana nusu kwa nusu, walipoambiwa hii Coca-Cola mambo yakabadilika na sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu zikafanya kazi zaidi. Yani jina lishakaa kichwani kabla kinywaji hakijafika mdomoni. Sasa mtu mzima unaweza kumwambia ajihadhari, mtoto wa miaka minane utamwambia nini? Na kisukari tunakiona majumbani mwetu, hakuna ukoo hapa usiokuwa na mgonjwa. Kupima vichwa ili kuwauzia watoto sukari zaidi, hilo mie nasema ni dhulma na sioni neno jengine.

Sisemi elimu yenyewe mbaya. Mwaka 2012 watafiti wengine wa huko huko Marekani walipima ubongo wa wavuta sigara wakiangalia matangazo ya kuacha sigara, na ubongo ulibashiri vizuri kuliko midomo yao tangazo lipi litafanya watu wengi zaidi wapige simu kuomba msaada. Wizara ikitaka kutumia elimu hiyo kwa mambo ya sigara au chanjo mie ntakuwa wa mwanzo kuunga mkono.

Kinachonitia hofu ni ridhaa. Sote tunajua itavokuwa hapa kwetu. Gari itakuja na spika, wapite kwa sheha, kinamama waitwe kwenye banda la skuli, kila mmoja apewe kanga na elfu kumi na karatasi ya Kiingereza atie saini au dole gumba, avishwe kofia aoneshwe matangazo ya sabuni, aende zake. Hakuna aliemwambia yale yaliyotoka kichwani mwake yanakwenda nchi gani, yanakaa miaka mingapi, yanauzwa kwa nani. Na je kwenye MRI ikionekana uvimbe ambao mwenyewe hana habari nao, mtu wa matangazo ambae si daktari atamwambia au atanyamaza? Wagonjwa wetu wengine wanapanda meli kwenda kutafuta kipimo cha kichwa, halafu kipimo hicho hicho mahali pengine kinatumika kujua pakiti ya chipsi iwe na rangi gani! Huko Marekani mwaka 2003 kikundi kinachoitwa Commercial Alert kilimwandikia rais wa chuo kikuu cha Emory kumtaka asimamishe utafiti wa namna hii, kwa hoja hiyo kwamba vifaa vya tiba si vya kutafutia soko.

Wengine washachukua hatua. Ufaransa tokea 2011 sheria yao inasema picha za ubongo ni kwa tiba, utafiti wa sayansi na mambo ya mahakama, biashara haimo. Chile waliingiza ulinzi wa ubongo kwenye katiba 2021, na 2023 Mahakama yao ya Juu ikaiamuru kampuni ya Emotiv ifute taarifa za ubongo za mtu mmoja alienunua kifaa chao cha kuvaa kichwani. Jimbo la Colorado kule Marekani nalo likafuata 2024.

Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kazi Mei 2023, na ni sheria nzuri, taarifa za afya na za watoto inazihesabu kuwa nyeti. Ubongo haikuutaja kwa jina. Na kwa upande wetu wa Zanzibar sheria yenyewe imesema haiyagusi mambo yasiyokuwa ya Muungano, na afya si jambo la Muungano, kila mtu analijua hilo. Kwa hiyo hapa katikati pana mwanya, na kampuni zenye mawakili huwa zinaiona mianya kabla yetu.

Nawaomba wawakilishi wetu wa majimbo ya Pemba, bila ya kujali chama, walifikishe hili Barazani kabla hizo kofia hazijashuka bandarini. Marufuku kabisa kwa walio chini ya miaka 18. Karatasi ya ridhaa iwe ya Kiswahili na isomwe kwa sauti mbele ya mtu. Na waziri ajibu suala moja: kampuni ikija kesho kutaka kupima vichwa vya watu wa shehia yangu kwa ajili ya matangazo, ruhusa inaomba kwa nani?

Muuza duka,
Wete, Pemba