Barua kwa mpwa wangu, mwalimu wa michezo: huyo potwe wenu

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimesikia shule imechagua papa potwe awe maskoti, yaani kinyago cha kushangilia timu, na walimu wenzako wanauliza samaki huyo anatafuta nini Dodoma, kilomita 450 hivi kutoka pwani. Waache. Tangu 2024 treni ya SGR inafika hapo. Watoto wajibu kwamba kapanda treni. Wimbo wa kwanza wa kushangilia huo.

Ila mtengeneze potwe kweli. Huyu anayeonekana kisiwani Mafia, hasa Oktoba hadi Machi, hali watu, anachuja vijidudu na visamaki vya majini. Mdomo wake mpana uko mbele kabisa ya kichwa, macho ni madogo na yako pembeni, mianya ya matamvua ni mitano kila upande, na mkia umesimama wima. Mkichora meno makali mmeshaharibu. Mgongo wake wa kijivu una madoa meupe, na hakuna potwe wawili wenye madoa yanayofanana. Kwa hiyo kila mkondo wa darasa ukate doa lake la kitambaa na kulishona wenyewe. Hapo ndipo kinyago kinakuwa cha shule nzima, si cha kamati ya michezo.

Kichwa kianzie kwenye kofia ngumu ya ujenzi, ile yenye mkanda wa kurekebisha ndani. Mbavu ziwe za bomba la plastiki la umeme la milimita 20, zifungwe kwa waya, ncha zikigeukia nje zisimchome mvaaji. Juu yake sponji ya sentimita 2; mabaki ya godoro yanatosha. Gundi ya mafundi viatu ipakwe pande zote mbili, isubiriwe kama dakika 10 mpaka isinate kidoleni, ndipo mbane. Wengi hubana ikiwa bado mbichi, na jua la kwanza tu linabandua kila kitu. Kazi hiyo ifanyike nje, mvuke wake unalevya. Rangi ya mafuta msiipake juu ya sponji, itapasuka kila kinyago kinapojikunja. Vikeni kitambaa kinachovutika.

Mvaaji aonee mdomoni, kupitia neti nyeusi. Neti nyeupe hung'aa juani akawa haoni hata mpira. Kichwa kizima kisizidi kilo 3.

Sasa upepo. Msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, katikati ya mwaka, pezi kubwa linageuka tanga na mvaaji anapepesuka. Pezi la mgongoni liishie sentimita 25, la sponji tupu bila fito, lijikunje likipigwa. Mkia uishie juu ya vifundo vya miguu, vinginevyo utafagia vumbi na kumkwaza.

Ndani humo ni joto hata siku ya baridi. Toboeni matundu utosini, mvaaji akae dakika 15 tu kisha atoke anywe maji, na asitembee bila msindikizaji. Muwe na wavaaji watatu wa kimo kimoja.

Ngoma mnayo: wasichana wapige muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Potwe acheze kwa kuyumba kushoto na kulia, ndivyo papa anavyoogelea. Kuinama na kuinuka ni kwa pomboo.

Nitumie mzunguko wa kichwa na upana wa mabega wa hao watatu, kabla hamjanunua kofia.

Mjomba wako