Kaka, mkono wa baba haunyooshwi kwa nguvu

Kaka, shikamoo.

Najua ninayoandika hapa unayasoma, wifi huniambia. Simu zangu hupokei tangu Idi, basi acha na wapita njia wasome.

Siku ile hainitoki. Ulikuja Mikindani na yule mchuaji wako, mkamlaza baba mkekani, jamaa akaukamata mkono wa kulia akausokota kama anakamua shuka. Nikasema mwacheni. Ukanijibu, "Mbona mwenyewe hata uso hajakunja?" Kaka, uso wa baba haukunjiki tena. Ugonjwa huu wa Parkinson umeukaza, akifurahi ni ule ule, akiumia ni ule ule. Mimi niliyemshika kichwa ndiye niliyeona chozi likiteremkia sikioni.

Nilimfukuza mgeni wako mbele ya wajomba, ndiyo. Akirudi namfukuza tena.

Hela zako nazishukuru, vidonge havijawahi kukosekana, Mungu akulipe. Lakini umenitangaza kwa ndugu kwamba namnyima mzee samaki. Simnyimi! Samaki au nyama vikikutana na levodopa, vile vidonge vyake vya Parkinson, tumboni, dawa haifyonzwi vizuri. Anameza kwanza, samaki wake wa nazi anamsubiri. Dawa ikishashika ndipo namkanda: mafuta ya ufuta kidogo, naanzia mabegani, nashuka polepole, kiganjani nabonyeza kwa dole gumba mpaka vidole viachie vyenyewe. Tumbo nalo nalizungushia mkono kufuata mshale wa saa, maana choo kinamsumbua. Halafu anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, kwa sababu akiinuka ghafla presha inashuka, anaweza kuanguka. Sijasema namponya. Kilichopungua ubongoni ni dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea, na mikono yangu haiirudishi. Ila usiku analala, na asubuhi shati anafunga mwenyewe, kifungo cha shingoni tu ndicho namsaidia. Hayo ungeyaonea wapi, wewe wa kuja na kuondoka?

Na yale maneno ya mkono wa mtu, eti kisa mikorosho ya Nanguruwe, yaache. Daktari James Parkinson aliandika habari za wagonjwa wa namna hii London mwaka 1817. Wale nao waligombea mikorosho ya nani?

Baba anakuulizia, kaka yangu. Sauti yake imekuwa ndogo, uvumilie. Piga saa nne asubuhi, dawa inakuwa imeshika. Nitamwekea spika kisha nitoke uani, kama ni mimi ndiye hutaki kunisikia.