Nyama ya kuoka, na kilio changu cha mara ya kwanza

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na wa nyumbani wote uwasalimie. Barua yako nimeipata. Nimecheka peke yangu pale uliposema unataka kupika ile nyama yangu ya kuoka siku ya kumuaga baba kazini, "ila bila ile sehemu ya kulia jikoni." Kumbe hujasahau! Basi nianzie hapo hapo kwenye kilio, maana ndipo nilipojifunzia.

Mara ile nilijua nyama ni kama sifongo: kadiri unavyoiloweka ndivyo viungo vinavyozama. Nikakamua malimau manne, nikaongeza siki, nikaitumbukiza humo siku mbili nzima. Nilipoikata mbele ya wageni, ngozi ya juu ilikuwa teketeke kama mkate uliolowa chai, na ndani nyama tupu, haijawahi hata kukutana na chumvi. Watu walikula kwa heshima. Mama mkwe aliomba chumvi mara mbili, kwa upole ule unaouma kuliko matusi.

Sasa sikiliza. Katika vyote unavyotia bakulini, anayefika ndani hasa ni chumvi. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na majani ya kunukia vinaishia juu juu, milimita chache tu. Limau nalo, na siki, vikikaa sana vinaiharibu nyama ya nje kabla haijaona moto. Kwa hiyo muda mpe chumvi. Limau lipe nafasi ya mgeni, aje, asalimie, aondoke.

Mimi nachukua sarara, ile nyama ya mgongoni mwa ng'ombe, kilo 2 kipande kimoja, naifunga uzi ili iive sawasawa. Chumvi gramu 25 hivi, yaani vijiko vinne vya chai visivyo na kilima. (Ukipenda kutia sosi ya soya, punguza chumvi, soya yenyewe ni chumvi ya maji.) Natwanga punje sita za kitunguu saumu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, natia kijiko cha pilipili manga iliyovunjwavunjwa, kijiko kikubwa cha haradali, vijiko vinne vya mafuta na nusu limau. Nusu, shoga! Nasugua kila upande, naiweka kwenye bakuli la kioo, nafunika, inalala kwenye friji usiku mmoja. Sufuria ya alumini usitumie, ikikutana na limau nyama inachukua ladha ya chuma. Asubuhi naigeuza, basi.

Usije ukaruka kuikausha. Saa kumi na moja jioni itoe, kwangua vile vipande vya kitunguu saumu vilivyoganda juu, maana vitaungua na kuleta uchungu, kisha ipanguse kwa karatasi za jikoni. Pangusa, tupa, chukua nyingine, mpaka karatasi itoke kavu. Unaona kama unafuta kazi yako yote ya jana? Hufuti. Nyama iliyolowa haipati ile rangi ya kahawia, moto wote unaishia kuchemsha maji. Halafu ipake mafuta kidogo.

Saa kumi na mbili iingize kwenye oveni iliyokwisha kupata moto, nyuzijoto 220, dakika 20. Nyumba nzima itanukia na watu wataanza kupitapita jikoni. Kisha shusha mpaka 160. Utasikia wakisema moto mkali wa mwanzo unafunga maji ya nyama yasitoke. Hakuna kinachofungwa. Tega sikio, utaisikia ikilia jwii kwenye trei hadi mwisho. Moto ule ni wa rangi na harufu.

Kilo 2 zitachukua saa moja na ushei, lakini usiamini saa, wala usiniamini mimi. Nunua kipimajoto cha nyama, kichome katikati kabisa. Kikisoma 55, itoe kama mnapenda ndani iwe na wekundu. 65 kama hampendi. Usingoje ifike unapotaka, kwa sababu hata ikiwa nje itaendelea kupanda nyuzi tatu, nne, tano. Na huyo mdogo wako mjamzito, pamoja na bibi, wakatie vipande vyao uvirudishe kwenye mchuzi unaochemka mpaka wekundu wote uishe.

Ikitoka, ifunike foili bila kuibana, uiache dakika 20. Hapa ndipo mume wangu huja na uma. Mfukuze wako. Ukiikata ikiwa ya moto vile, maji yake yote yanabaki kwenye ubao, na wageni wanatafuna uzi.

Wakati inapumzika tengeneza mchuzi. Mwaga mafuta ya ziada yaliyo kwenye trei, mimina nusu kikombe cha maji moto, kwangua vile vyeusi vilivyoshika chini, ndiyo utamu wenyewe. Yale maji ya viungo yaliyolala na nyama mbichi usiyapeleke mezani hivi hivi. Ama uyachemshe yatokote sawasawa, ama uyamwage. Mimi namwaga, yana chumvi mno.

Kukata: iangalie nyama kwa karibu, utaona nyuzi zake zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Kisu kizikatize, kisizifuate. Vipande vyembamba. Noa kisu leo, usingoje siku ile.

Muuza nyama akikosa sarara akakupa bega au kidari, usiioke hivi, itakuwa kamba. Hiyo ifunike na supu kidogo kwenye moto wa 150, saa tatu au nne, mpaka mishipa iyeyuke. Tamu pia, ila ni chakula kingine.

Na kile kipande cha ncha, cheusi, kilichokolea viungo pande zote, usikipeleke mezani. Ukile jikoni ukiwa umesimama, kabla hawajaita. Halafu niandikie ilivyokuwa. Ikiharibika niandikie upesi zaidi, nami nipate kucheka.

Mpe baba pongezi zangu.

Ni mimi shoga yako wa siku zote.