Asante, fundi wa sauti wa Kisumu

Fundi uliyetufaa Jumapili hapa Kisumu, tunakushukuru mbele ya watu. Tamasha la okestra na kwaya lilikuwa lirushwe redioni moja kwa moja, na mvumo wa umeme, ule wa hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), ulizifunika fidla kila zilipopigwa polepole. Uligundua miksa (mashine ya kuchanganya sauti) na kompyuta zimechomekwa soketi za mbali, mkondo ukizunguka kupitia nyaya zao za ethi (waya wa usalama). Ukazichomeka mahali pamoja; mvumo ukafa. Ukaondoa maikrofoni zote za kwaya, ukasimamisha mbili tu nyuma ya kondakta, juu mita 3, sentimita 17 kati ya moja na nyingine, zikielekea pande mbili kwa pembe ya nyuzi 110. Kwenye mazoezi ukaomba wanamuziki wapige kwanza sehemu yenye kishindo kuliko zote, ukaacha akiba ya desibeli 10 chini ya kikomo cha mitambo. Sauti ya tarumbeta haikukwaruza hata mara moja! Mafundi wengine, fikeni nanyi wakati wa mazoezi.