Grafu ya chumba cha baridi ikinyooka kama rula, shtuka

Habari za kazi wateja wetu wa Mbeya, Njombe, Mafinga na Tukuyu. Siku hizi tunapigiwa sana simu na watu wa parachichi na swali ni hilohilo, mnunuzi kaomba rekodi za joto za chumba cha baridi, kapewa, afu anauliza tena nitajuaje kama hizi ni za kweli? Wengine wanachukia, wanaona wameitwa waongo. Jamani msichukie, ana haki ya kuuliza, na kiukweli mara nyingi hata mwenye chumba akibanwa hana jibu.

Kuna siku tuliitwa sehemu moja Rungwe, parachichi za Hass zimefika kwa mnunuzi zimeshalainika wakati kwenye grafu joto ni nyuzi 5.5 usiku kucha, halipandi halishuki. Bosi ananionyesha anasema fundi ona, chumba changu kimetulia. Nikamuuliza usiku ule umeme haukukatika? Mlinzi akadakia, ulikatika mzee, toka saa tano mpaka karibu na alfajiri na jenereta halikuwa na mafuta. Sasa loga, kile kifaa kinachorekodi joto, ina betri yake kwahiyo iliendelea kuandika, lakini ni chumba gani hicho umeme unakatika masaa yote hayo joto lisisogee hata nukta moja? Tukafungua boksi, waya wa sensa ya joto umetafunwa na panya, na loga ilikuwa imesetiwa kwamba ikikosa sensa iendelee kuandika namba ya mwisho iliyosoma. Hakuna aliyechakachua kitu. Ila namba zote za usiku ule zilikuwa za uongo, na yule baba alikuwa anazitumia kujitetea kwa mnunuzi, iliniuma kweli.

Chumba kisicho na hitilafu joto lake linacheza. Kompresa ikiwaka joto linashuka, ikizima linapanda kidogo, vijana wakifungua mlango kuingiza kreti kinatokea kilima kwenye grafu. Hivyo vilima ndo tunavyovitafuta kwanza, tunavilinganisha na daftari la mlinzi, mlango ulifunguliwa saa ngapi, umeme ulikatika saa ngapi.

Na hapo kwenye saa ndo watu wengi wanapotea. Mlinzi anaandika saa 2 usiku, loga inaandika 20:00, kijana wa ofisini akihamisha kwenye kompyuta anaandika 2:00, tayari mmepishana masaa sita na kila kitu kinaonekana cha kughushi wakati wote mlikuwa wakweli. Kuna loga nyingine imekuja na saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, haijawahi kuguswa tangu itoke kwenye boksi, hiyo iko nyuma yetu masaa matatu.

Sensa yenyewe tunaipima kwa barafu. Barafu iliyopondwa, maji safi kidogo, kwenye chupa ya chai, koroga, subiri itulie, inatakiwa isome 0 au karibu yake sana. Msitumie maji yanayochemka tafadhali! Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na tumeshakuta mtu katupa sensa nzima kabisa kwa sababu haikufika 100. Barafu haichukui nafasi ya cheti cha kalibresheni, yaani cha kuthibitisha kifaa kinapima sawasawa, lakini, na cheti chenyewe ukikipokea angalia namba ya kifaa iliyoandikwa kama ndo hiyo iliyoko mgongoni mwa loga yako, maana vyeti vya kifaa kingine tumeviona. Stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani yako nayo ni ya mizani, haisemi chochote kuhusu joto.

Tukishamaliza hayo ndo tunakuja kwenye kufunga faili. Rekodi ikishaingia Excel mtu yeyote anageuza 9 kuwa 6 na hakuna atakayejua. Sisi tunashusha faili kutoka kwenye loga mbele yako, palepale tunalitolea alama ya SHA-256, ni kama alama ya kidole ya faili, mstari wa herufi na namba 64, unamtumia mnunuzi WhatsApp siku hiyohiyo kabla hamjaanza kugombana. Mtu akibadilisha hata tarakimu moja kwenye faili mstari unakuja tofauti kabisa. Lakini tuelewane, mstari huo unathibitisha tu faili halijaguswa tangu muda ule, kama sensa ilikuwa imekatika utakuwa umefunga uongo kwa kufuli zuri. Ndo maana atakayetuita tumfungie faili tu bila kugusa sensa wala saa huwa tunamkatalia.

Kazi tunaifanya mzigo ukiwa ndani, hutoi kreti hata moja. Tuandalie barafu, daftari la mlinzi, na anayejua paswedi ya loga awepo, bila yeye tutakaa tu tunaangalia kioo.