Barua kwa Akinyi, na kwa Akinyi wengine wote

Dunga, Kisumu
Jumatano jioni

Mwanangu Akinyi,

Salamu kutoka nyumbani. Kuku wazima, paka mzima, nami mzima, ila ua umekanyagwa kama palikuwa na mazishi ya mkubwa. Nakueleza mwenyewe kabla jirani hajakupigia, maana yule akisimulia huongeza chumvi mpaka chungu kinapasuka.

Unakumbuka Desemba uliponifundisha ile lugha ya kompyuta yenye jina la chatu, Python? Mimi niliipa heshima papo hapo, nikimkumbuka Omieri, yule chatu wa Nyakach wa mwaka 2003 ambaye wazee walisema asiguswe kwani ndiye mwenye kuleta mvua na mavuno. Ukacheka, ukasema jina lenyewe lilitokana na kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza. Sikuamini hata kidogo. Lugha inayokufokea kwa sababu mstari mmoja haukukaa sawa na mwenzake, huo uchekeshaji uko wapi?

Basi, wiki ya tatu hii hujapiga simu. Najua, mitihani. Lakini mimi nimeachiwa kibuyu cha nyanya yako na laptopu yako kuukuu, na mtu mwenye vitu viwili kama hivyo usimwache peke yake usiku. Nyanya alikuwa akinong'ona kibuyuni kukipambazuka, uso ameuelekeza ziwani, na aliyeitwa alifika hata kama alikuwa ng'ambo ya Busia. Nikawaza, kunong'ona si ni kuandika kwa mdomo? Nikaunganisha kibuyu na laptopu (waya niliutoa wapi, usiulize) nikaandika mistari miwili tu:

Daima:
    kila Akinyi aje nyumbani kwa mama

Nikabonyeza enta, nikaenda kulala.

Saa kumi na moja alfajiri, hodi. Nafungua, msichana wa shule, sare kamili, mkoba mgongoni. "Shikamoo mama, nimekuja." Nyuma yake mama mboga wa Kibuye na gunia la sukuma wiki kichwani. Nyuma yake nesi aliyetoka zamu, polisi mmoja mwanamke, bikizee asiye na jino hata moja, na baba aliyechanganyikiwa amebeba mtoto wa miezi miwili, akisema mtoto ndiye aliyemleta. Mwanangu, hilo ni jina sisi Wajaluo tunalompa msichana aliyezaliwa asubuhi, na Kisumu hii asubuhi haijawahi kukosa watoto. Foleni ilifika barabarani. Halafu ikaja bodaboda isiyo na dereva, "Akinyi" imeandikwa kwenye madigadi. Halafu kule ufuoni nikasikia wavuvi wanapiga kelele: mashua imejivuta mchangani inapanda kuja kwangu, nyavu na omena ndani yake. Hapo ndipo nilipokuelewa uliposema kompyuta haijui watu, inajua herufi.

Nikawapikia chai sufuria nne. Wakanywa, wakashukuru, nikawasindikiza mpaka langoni. Wakafika langoni, wakageuka. "Hodi mama, nimekuja." Lile neno "daima", kumbe! Bikizee alinipigia hodi mara saba, na kila mara alitaka sukari upya.

Kilichoniokoa ni stima kupotea. Ile betri uliyonisisitizia ninunue sikununua, kwa hiyo laptopu ilizimika pale pale, na watu wote wakasimama uani wakitazamana kama waliotoka usingizini. Polisi aliniuliza kama nina leseni. Nikamuuliza leseni ya nini. Hakujua aandike nini kwenye kijitabu chake, akaomba chai ya njiani. Mama mboga aliniachia sukuma ya shilingi hamsini. Mashua walikuja kuichukua vijana kumi na wawili, nikawalipa kwa kuku mmoja, yule jogoo mkorofi, kwa hiyo hapo sina hasara.

Kutwa nzima nimekaa nikiwaza maneno ya nyanya yako. Hakuwahi kumwita mtu kwa jina tupu. Alisema nyar Seme, nyar Alego, yaani binti wa Seme, binti wa Alego, akataja baba, akataja boma, ndipo akaita. Na alimalizia kila mara na "mpaka jua lichwe". Mimi nikidhani ni madoido ya wazee. Kumbe yule mama, ambaye hata simu ya vibonyezo ilimshinda, alijua kuweka mipaka na mahali pa kusimama, nami mwenye cheti chako cha Desemba sikujua.

Sasa swali. Binamu yako anasema alfajiri ile alikuona steji ya Nakuru, taulo kichwani, patipati miguuni, ukigombana na makanga kwamba lazima gari liondoke hata kama halijajaa. Ni kweli? Kilomita 180 na patipati?

Nimeiandika upya. Safari hii nimeweka baba, boma, mwisho wa kusimama, na badala ya Akinyi nimeweka lile jina nililokuwa nikikuita ukiwa mgongoni, ambalo hakuna mwingine duniani anayelijua, na hapa siliandiki. Stima imerudi. Kibuyu kimechomekwa. Nitangoja mpaka Jumapili saa mbili usiku.

Simu yako ina chaji?

Mamako