Salamu za Mwaka Kogwa kwa Ndugu wa Makunduchi, Walio Karibu na Walio Mbali

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa heshima na taadhima nakusalimuni wazee wangu wa Kajengwa, Nganani, Kijini na Mzuri, ndugu zangu mnaoishi mjini, na nyinyi mlioko Pemba, Bara, Muscat na Uingereza ambao safari hii hamkujaaliwa kufika Kae Kuu, uwanja wetu wa kuuadhimishia Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya. Alhamdulillahi tumekoga salama, banda la makuti tunalolichoma siku hiyo limewaka, moshi umekwenda ulikokwenda, na waliopigana kwa mashina ya migomba kama ilivyo mila wamepeana mikono. Mwaka uingie kwa kheri na utoke kwa kheri, na Mwenyezi Mungu atujaalie tuukute mwengine tukiwa na afya, imani na mapenzi baina yetu. Amin.

Wajibu wa kuandika salamu hizi umeniangukia tena nami naupokea, ingawa moyo ni mzito. Mwaka tuliouaga haukuwa mwepesi kwa nyumba nyingi za kusini. Mchele, sukari na mafuta ya kupikia vimepanda bei hadi mwenye nyumba aliyezowea kuwaandalia wageni masinia ya wali ameandaa sinia moja na kuwaomba radhi mlangoni, na nazi tulizokuwa tukiziokota uwanjani sasa tunazinunua dukani. Mama zetu, ambao kilimo cha mwani kimewapa fedha yao wenyewe tangu kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, wanaiona bahari ikizidi kuwa ya moto, na ule mwani mnene wenye bei nzuri unaoza kambani kabla ya kuvunwa. Anayebakiwa na mwembamba analipwa fedha isiyotosha hata sare za skuli.

Na nyumbani kwetu tumekoga bila ya shangazi yangu, aliyetangulia mbele ya haki mwezi wa Shaaban. Wengi wenu mlimjua kwa sauti yake, kwani nyimbo za siku ile zilikuwa hazinogi mpaka aingie yeye. Wachache mlijua alichokuwa akikifanya siku za kabla yake. Alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba, jua likishapoa, akirudisha ungo aliouazima na sahani iliyokuja na futari, na katika kila mlango akisema maneno yale yale: nisamehe nilichokukosea, na kama unanidai chochote nitajie. Nilipokuwa kijana nilimuuliza kwa nini anajichosha, ilhali kesho banda litaungua na ya zamani yatakwisha. Alinijibu kuwa moto unaunguza makuti, na maneno mabaya aliyomwambia jirani yake hayakuwamo bandani. Asubuhi ya Mwaka huu nilimpakulia sahani yake kwa mazowea, nikabaki nimeishika, sijui nimpe nani.

Ninamtaja marehemu kwa sababu ya mazungumzo ambayo yamekuwa yakinirudia tangu alipofariki. Mwaka juzi tulimpokea nyumbani mgeni kutoka Uingereza, mama wa makamo, maana nyumba isiyo na mgeni siku ile haikai vizuri. Baada ya chakula alitueleza kuwa yeye si Mkristo, bali ni mfuasi wa dini inayoitwa Wika, mojawapo ya makundi ya Upagani wa kisasa, na alilitamka jina hilo bila ya kuona haya wala kutaka kutushawishi. Vijana walishtuka. Shangazi hakushtuka. Aliniambia nimfasirie swali moja tu: na wewe ukimkosea mtu, nani anakufutia? Mgeni alifikiri kidogo, akajibu kuwa hakuna wa kumfutia, kwa hivyo hana budi kwenda kwa aliyemkosea na kutengeneza alichokiharibu. Shangazi alitikisa kichwa kwa kuridhika na kumuongeza samaki.

Tangu hapo nimejitahidi kusoma habari za watu hawa. Nchini Uingereza sheria ya uchawi ya mwaka 1735 iliondolewa mwaka 1951, na katika miaka iliyofuata Muingereza aitwaye Gerald Gardner aliitangaza Wika hadharani. Kule Iceland jumuiya ya wanaofuata dini ya kale ya Kinordiki iliundwa mwaka 1972 na kutambuliwa na serikali mwaka uliofuata. Wafuasi wa Wika wana sikukuu nane zinazofuata mzunguko wa jua na misimu. Jambo hilo mtu wa Nairuzi, yaani wa mwaka wetu huu wa kukoga, halimshangazi, kwani nasi tunahesabu kwa jua, isipokuwa mwaka wetu una siku 365 kamili bila ya nyongeza, na ndiyo maana siku yetu inarudi nyuma taratibu kadiri miaka inavyopita.

Lakini lililonishughulisha zaidi ni namna wanavyolichukulia kosa. Hawana kitabu kimoja kinachowabana wote, wala mkuu mmoja wa dini, na wengi wao hawaamini kuwa kuna Shetani. Neno ambalo wafuasi wengi wa Wika wanaliweka mbele ni kwamba maadamu humdhuru yeyote, fanya upendalo. Mtu anaweza kuliona neno hilo kuwa ruhusa ya kila kitu. Mimi kila nikilitafakari naliona kuwa zito, kwa sababu linamtaka mtu apime madhara ya tendo lake kabla ya kulitenda, na likishatendeka halimwachii mlango wa kutokea. Hana wa kumsingizia. Wapo pia wanaoamini kwamba atendalo mtu humrudia mara tatu, na wenzao wengine hawalikubali hilo. Mgeni wetu alikuwa katika hawa wa pili, akisema kwamba hataki kujizuia na ubaya kwa kuogopa malipo tu.

Sikubaliani na imani yake, na nilimwambia hivyo kwa adabu. Mimi ni Muislamu, nasali, na naukoga Mwaka kama mila ya wazee wangu bila ya kuamini kwamba moto wa makuti una uwezo wowote wenyewe. Masheikh wanaotuonya tusije tukavuka mpaka nawasikiliza, maana onyo lao lina msingi. Ninachokiona ni kwamba katika jambo hili mgeni yule alisimama karibu na mafundisho yetu kuliko sisi wenyewe. Tumesomeshwa tangu chuoni kwamba haki ya Mwenyezi Mungu hutubiwa kwake, na haki ya mja haifutiki mpaka mja mwenyewe asamehe. Katika Sura Ibrahim, aya ya 22, tunaambiwa kuwa siku ya hukumu Shetani mwenyewe atawaambia waliomfuata kuwa hakuwa na mamlaka juu yao ila aliwaita wakamuitikia, basi wasimlaumu yeye, wazilaumu nafsi zao. Sisi, tunaoisoma aya hiyo, ndio tunaosema kila siku kuwa Shetani kanipitia.

Tazameni tunavyoishi, ndugu zangu. Kijana anampiga mkewe, wazee wanakaa kikao, na jibu linakuwa ana jini. Mtu anakula fedha za kikundi cha akina mama, na akibanwa anasema kafanyiwa na watu. Wenye umri wangu mnaukumbuka mwaka 1995, hofu ya Popobawa, jini aliyesemwa kuwavamia watu usiku majumbani mwao, ilipoanzia Pemba ikavuka hadi Unguja, tukalala nje makundi kwa makundi tukikoka moto, na kila sura ngeni ikawa ya kutiliwa shaka. Watu walipigwa, na aliuawa mtu asiye na hatia, mgonjwa wa akili. Hofu ile ilikuwa ya kweli, na simcheki aliyeogopa, kwani nami niliogopa. Lakini Popobawa hakuinua mkono wa mtu yeyote. Mikono iliyompiga yule maskini ilikuwa ya watu wenye majina na wazazi, na imani yao, iwe ya kweli au ya uongo, haikuwaondolea jukumu la damu ile.

Kwa hivyo nakusihini, na mnisamehe nikipandisha sauti kama nipo juu ya mimbari: tusiifanye siku hii tukufu kuwa kichaka cha kujificha. Aliyempiga mwenzake kwa shina la mgomba akadhani kwamba kwa hilo ule mpaka wa shamba alioudhulumu umekwisha, ajue haujakwisha. Aende akaurudishe mpaka mahali pake mbele ya mashahidi. Aliyemtukana mama yake mwaka mzima asitosheke na kukoga naye pwani. Mwenye duka aliyeficha sukari ili apandishe bei asiseme ni mambo ya dunia, na mwenye kuuza mkaa wa mikoko asiseme kuwa bahari ina hasira zake. Wazee wetu walituachia siku ya kuanza upya, na kuanza huko hakufanyiki na mganga, wala na moshi, wala na kundi zima kwa niaba ya mmoja. Kila mtu ana mlango wake wa kubisha hodi, naye anaujua.

Baada ya haya narudia dua. Nakutakieni nyote mwaka wa neema na utulivu, vuli na masika yenye mvua ya kiasi, bahari yenye samaki, watoto wenye kufaulu skuli, wagonjwa wapone na wasafiri wafike. Waliotutangulia Mwenyezi Mungu awarehemu na awapanulie makaburi yao.

Mwisho, kwa niaba ya warithi wa marehemu shangazi yangu: Mwaka huu hakuweza kuzunguka mwenyewe, basi yeyote aliyekuwa akimdai fedha, chombo au neno, asione haya kutufuata nyumbani baada ya sala ya alasiri siku yoyote. Tupo, na tutalipa.

Wabillahi tawfiq.

Ndugu yenu, Makunduchi.